Kukua kiroho katika mwaka wa huduma Ujerumani: mwongozo kwa kijana anayetumwa na kanisa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hiyo huelekezwa kwa mwenyeji, kumkumbusha kwamba ukarimu una mpaka wake. Lakini kijana anayetumwa na kanisa kwenda kutumika nchi ya mbali kwa mwaka mzima anapaswa kuisikia kwa masikio ya mgeni, kwa sababu safari yake huanza hasa siku atakayopewa jembe. Safari za wiki mbili huishia kwenye zile siku mbili za mwanzo, yaani mapokezi, nyimbo, picha na zawadi. Misioni ya miezi kumi na miwili ina siku hizo mbili, kisha ina nyingine zaidi ya mia tatu na sitini za jembe, na ni katika hizo za jembe mtu anapokua au anapodumaa.

Mwongozo huu ni wa vijana wa Tanzania wanaotumwa Ujerumani, ambako nami nilitumwa. Baadhi ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni wanachama wa UEM (United Evangelical Mission), chombo cha misioni chenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, ambacho tangu 1996 kimekuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kwa pamoja, na ndiyo maana watumishi wake hutoka pande zote na si Ulaya peke yake. Kwa upande wa sheria, vijana wengi huingia kupitia huduma ya kitaifa ya kujitolea iliyoanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2011, mwaka uleule utumishi wa lazima wa jeshi uliposimamishwa, na hupangiwa kazi katika nyumba za wazee, shule za chekechea au makao ya watu wenye ulemavu. Mimi nilitoka usharika mmoja wa milimani Usambara, nikatumika katika makao ya watu wazima wenye ulemavu wa akili kwenye mji mdogo wa Westfalia, eneo la magharibi mwa Ujerumani, na tangu niliporudi nimeketi na vijana kadhaa waliokuwa wakijiandaa kuondoka. Ninayoyaeleza hapa yametoka katika mwaka ule na katika mazungumzo hayo, pamoja na makosa yangu.

Hatua ya kwanza: kabla hujaondoka, andika sababu zako zote

Chukua karatasi moja na uandike kila jambo linalokufanya utake kwenda, yakiwemo yale usiyoweza kuyatamka mbele ya kamati ya dayosisi. Kijana huiambia kamati kwamba anakwenda kumtumikia Bwana, na husema kweli. Lakini anakwenda pia kuona theluji, kutafuta nafasi ya masomo, kukaa mbali na mchumba aliyemchosha, au kuipa familia yake heshima ya kuwa na mtu Ulaya. Mambo hayo si dhambi. Hatari yake ni kwamba yakifichwa huendelea kudai, na ifikapo mwezi wa nne, yanapokataa kutimia, mtu hudhani kuwa amevunjwa moyo na Mungu kumbe amevunjwa moyo na theluji.

Mwonyeshe karatasi hiyo mtu mmoja tu. Huyo atakuwa mlezi wako kwa mwaka mzima, kwa hiyo mchague kwa makini: awe amekomaa katika imani, awe msiri, na asiwe na faida yoyote atakayoipata kutokana na safari yako. Kubalianeni kwamba kila mwezi utamwandikia barua yenye urefu wa ukurasa mmoja, au umtumie ujumbe wa sauti ikiwa macho yake hayasomi vizuri, na kwamba katika barua hiyo utasema yaliyo ya kweli hata kama yanakuaibisha. Usharika utapokea taarifa zako nzuri na kuzisoma kwenye matangazo, na hilo ni sawa. Ila mtu ambaye hana hata mmoja wa kumwambia ukweli ataishia kuziamini taarifa zake mwenyewe.

Jifunze lugha kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa walimu wa mahali ulipo au katika Goethe-Institut ya Dar es Salaam, na ufike angalau ukiwa umemaliza ngazi ya kwanza. Jifunze pia historia inayoziunganisha nchi hizi mbili, kwa kuwa utaulizwa, na wanaouliza mara nyingi wanajua machache kuliko unavyodhani. Ujue kwamba wamisionari wa Kijerumani walifika Usambara mwaka 1891, wakati utawala wa Kijerumani nao ulikuwa ukijisimika. Ujue vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ujue kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa. Mtu anayebeba Injili kwenda kwa watu ambao mababu zao waliileta kwake pamoja na bunduki anahitaji kuwa amekwisha kuyatafakari hayo kabla ya kukutana nayo ghafla mezani.

Hatua ya pili: kwa miezi mitatu ya mwanzo, kubali kuwa mtoto

Nyumbani nilikuwa katibu wa vijana, nikiongoza sala bila kutazama karatasi. Siku ya tatu Westfalia, baada ya siku mbili za keki na kutembezwa, nilipewa aproni na glavu za mpira na kuoneshwa jinsi ya kumbadilisha nepi mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka thelathini, na sikuwa na maneno hata ya kuuliza taulo iko wapi. Nilielekezwa kwa vidole. Jioni nililia, si kwa sababu ya kazi yenyewe, bali kwa sababu sikuwa na ulimi wa kumwonesha mtu yeyote kwamba mimi ni mwerevu.

Ushauri wangu kwa kipindi hicho ni kutokimbia. Wengi hukimbilia kwenye simu, wakawa wanaishi Ujerumani kwa mwili na Tanga kwa siku nzima iliyobaki. Wengine hukimbilia kwenye cheo cha kiroho, wakajiambia kwamba wenyeji hawawaelewi kwa kuwa wamepoa kiimani. Kaa na aibu hiyo. Kila siku jifunze maneno matano yanayotoka katika kazi yako, si katika kitabu: kijiko, kitanda, maumivu, taratibu, bado. Waombe wale unaowahudumia wakusahihishe. Mwalimu wangu bora alikuwa mzee mmoja asiyeweza kusema kabisa, ambaye alikuwa akigonga meza kwa kiganja kila nilipomlisha haraka kuliko alivyoweza kumeza. Kumlisha bakuli moja la uji kulichukua dakika arobaini. Kwa wiki za mwanzo nilizihesabu dakika hizo kama muda uliopotea. Baadaye nilitambua kwamba sikuwahi, tangu utoto, kumpa mtu yeyote dakika arobaini za macho yangu bila kufanya jambo lingine.

Usishangae ikiwa sala nayo itabadilika lugha. Mimi niliyezoea kuomba kwa Kiswahili cha kanisani nilijikuta, katika upweke ule, naomba kwa Kisambaa cha bibi yangu, kwa sentensi fupi za mtoto. Ikikutokea, iache iwe hivyo.

Hatua ya tatu: weka utaratibu wa sala ulio mdogo kuliko unaoutamani

Kijana mwenye ari hupanga saa moja ya sala kila asubuhi, sura tano za Biblia, na kufunga siku mbili kwa wiki. Kisha hupangiwa zamu ya asubuhi inayoanza saa kumi na mbili na nusu, basi la kwanza linapita saa kumi na moja na dakika hamsini, na katika wiki ya pili utaratibu wote umeanguka na yeye anajiona mwasi. Panga utaratibu utakaoweza kuushika katika siku yako mbaya kuliko zote, na siku njema zitajiongezea zenyewe.

Walutheri tuna mfano mzuri na wa kale. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alimpa mkuu wa nyumba sala fupi ya asubuhi na nyingine ya jioni, pamoja na Imani na Baba Yetu, kisha akamwelekeza aende kazini kwa furaha au alale usingizi mara moja. Dakika tano zinatosha. Wamoraviani nao wana mafungu ya kila siku yanayotolewa Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, ambayo yamechapishwa mwaka baada ya mwaka tangu toleo la 1731 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Faida yake kwa aliye mbali ni kwamba fungu unalolisoma ndani ya basi lenye giza ndilo linalosomwa asubuhi hiyohiyo na watu wengine wa mabara mengine. Mlezi wangu nyumbani alikuwa akisoma lilelile, na mara nyingi barua zetu zilianzia hapo.

Jioni, kabla ya kulala, pitia siku yako kwa maswali matatu na uyaandike majibu kwenye daftari kwa mistari michache: leo nilipokea nini ambacho sikustahili, ni wapi nilimkwepa mtu, na ni jambo gani nataka kulianza upya kesho. Swali la kwanza liweke liwe la kwanza. Aliyetumwa kuhudumu huwa na orodha ndefu ya aliyoyatoa na husahau kwamba siku nzima amepokea chakula, subira na marekebisho kutoka kwa watu wasiomdai chochote.

Kuhusu kuomba kwa sauti, nieleze jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Nyumba za Ujerumani zina saa za utulivu, usiku kuanzia saa nne na Jumapili kutwa, na kuta zake ni nyembamba kwa mtu aliyezoea mkesha. Jirani yangu wa chini aligonga mlango usiku wa kwanza akidhani kuna mtu anaumizwa. Tangu siku hiyo niliomba kwa sauti msituni, kwa kuwa karibu kila mji una msitu wenye njia za kutembea, na nikagundua kwamba wenyeji nao huenda humo wanapokuwa na mzigo moyoni. Kuhusu kufunga, usifunge chakula katika siku ya kuwainua watu vitandani. Ukizimia ukiwa umemshika mtu asiyeweza kusimama, utakuwa umemwadhibu yeye kwa ibada yako. Funga simu siku hiyo.

Hatua ya nne: kaa katika usharika mmoja kabla hujahukumu

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, nami nikiwa wa kwanza. Jumapili yangu ya pili nilihesabu watu kumi na tisa katika kanisa la mawe lenye viti vya watu mia nne, wengi wao wakiwa wazee, na kapu la sadaka lilipita likiwa na sarafu chache. Nilirudi chumbani nikauandikia usharika wangu barua ndefu nikisema kwamba kanisa la Wajerumani limekufa na kwamba Mungu ametutuma sisi kulifufua. Barua hiyo ilisomwa madhabahuni, na nimeambiwa kwamba watu walipiga makofi.

Nilikuwa sijui mambo matatu. La kwanza, mwanachama wa kanisa aliyesajiliwa Ujerumani hutoa kupitia kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, au asilimia 8 katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg, kwa hiyo sarafu za kapuni si kipimo cha utoaji wake. La pili, sehemu kubwa ya maisha ya kanisa lile haipo kwenye ibada ya Jumapili bali katika diakonia: hospitali, nyumba za wazee, makao kama yale niliyotumika, ambayo kwa upande wa Kiprotestanti peke yake yameajiri watu zaidi ya laki sita. Bethel, pale Bielefeld, ilianza mwaka 1867 kama nyumba ya watu wenye kifafa waliokuwa wakifukuzwa kwao, na mkono wa huduma hiyohiyo ulifika mpaka Lutindi, kwetu Usambara, ambako wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nilikuwa nimekulia umbali wa siku moja kutoka Lutindi, nikaenda Ulaya kuwaambia wenye chimbuko lake kwamba imani yao imekufa.

Jambo la tatu sikuambiwa na mtu. Mwezi Februari yule mzee wa meza alifariki alfajiri. Mfanyakazi mwenzangu wa zamu, mama ambaye alikuwa ameniambia mara mbili kwamba haamini lolote na kwamba alijiondoa kanisani akiwa kijana, alifungua dirisha kama ilivyo desturi yao, akawasha mshumaa, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu huku akimweleza kila anachokifanya, kana kwamba anasikia: sasa nakuosha mkono, sasa nakugeuza. Alipomaliza aliniomba niombe. Nikamwambia Kijerumani changu hakitoshi. Akasema niombe kwa lugha yangu, yeye atakaa tu. Nikaomba kwa Kisambaa, naye alikaa.

Wiki hiyo niliandika barua nyingine nyumbani, fupi kuliko ya kwanza, nikieleza makosa yangu. Sijui kama hiyo nayo ilisomwa madhabahuni.

Basi fanya hivi. Chagua usharika ulio karibu na unapoishi na uhudhurie kila Jumapili usiyo na zamu kwa angalau miezi sita kabla ya kutoa maoni yoyote kuuhusu. Jiunge na kwaya, kwa sababu kwaya hukubali mtu asiyejua lugha. Tena utakuta tuni kadhaa za nyimbo unazozijua tangu Shule ya Jumapili, na utaweza kuimba Kiswahili kimoyomoyo chini ya Kijerumani chao. Baki kwa kahawa baada ya ibada, hata kama kwa wiki nne hakuna atakayekuzungumzisha. Wiki ya tano atatokea mama mmoja. Katika miji mikubwa kuna pia ibada za Waafrika na hata za Kiswahili, na ni vyema kwenda mara moja moja ili roho ipumue. Lakini Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwaambia wakae katika nyumba iyo hiyo, wale walichopewa, wasihame-hame, na ninaamini agizo hilo halikuwa la adabu ya mgeni peke yake. Anayehamahama huchagua kila mahali kile anachokipenda, na hakuna anayebaki wa kumwona anapokosea.

Nina neno pia kuhusu ule usemi wa kwenda kuwaamsha Wazungu waliolala. Siupendi. Tunapokaribisha wageni husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni rahisi kwa mgeni kuikariri methali hiyo akajiona kuwa yeye ndiye dawa.

Hatua ya tano: jiandae kwa giza, si kwa baridi tu

Watu watakuonya kuhusu baridi, na baridi ina koti. Lisilo na koti ni giza. Mwezi Desemba katika sehemu hizo jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, na mara nyingi hata katikati halionekani, mawingu yakiwa yamelifunika kwa wiki nzima. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta hana kumbukumbu ya mwili ya kumwambia kwamba hali hiyo hupita. Utalala sana na kuamka umechoka, utakula mkate bila hamu, sala itakuwa kavu kama gome, na utadhani Mungu ameondoka.

Anza na mwili. Toka nje kila siku mchana, hata kwa dakika ishirini za mawingu. Muulize daktari kuhusu vitamini D, jambo ambalo wenyeji wenyewe hulifanya bila aibu. Nunua koti na viatu kabla ya Novemba na usingoje. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu, na akamhimiza aje kabla ya wakati wa baridi. Soma tena habari ya Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyetamani kufa hakuhubiriwa kwanza. Alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena, ndipo akatembea siku arobaini na kusikia sauti ndogo ya utulivu.

Kisha ingia katika Majilio ya wenyeji. Mwaka 1839, Johann Hinrich Wichern, mlezi wa watoto maskini jijini Hamburg, alichukua gurudumu kuukuu akaliwekea mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za kati, ili watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika waweze kuhesabu wenyewe. Leo taji hilo la mishumaa minne lipo katika nyumba nyingi. Nyumbani nilikuwa nimelichukua kama pambo. Huko, saa kumi na moja jioni, giza likiwa limekaa dirishani na wakazi wa makao wamezunguka meza wakingoja mshumaa wa pili uwashwe, nilielewa kwa nini watu hawa wanalisoma Isaya 9 kwa sauti ya chini.

Lakini tofautisha ukavu wa kiroho na ugonjwa. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali au huwezi kuamka, huli, huna hamu na chochote, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mratibu wako siku hiyohiyo na uombe kupelekwa kwa daktari. Bima yako ya afya hugharamia. Nimewahi kuketi na kijana aliyekaa miezi miwili akifunga na kukemea, kumbe alihitaji tiba. Alipoipata alirudi kuomba kama zamani, na hakuna aliyemhesabia kuwa ameshindwa imani.

Hatua ya sita: fedha, simu na ukweli

Utapewa chumba, chakula au fedha ya chakula, bima, na posho ndogo ya mfukoni. Ukiigeuza posho hiyo kuwa shilingi itaonekana kama mshahara wa ofisa, na ndivyo itakavyoonekana kwa shangazi yako pia. Kabla ya kuondoka, kaa na wazazi na uwaambie kiasi kamili na bei ya nauli, ya viatu vya baridi na ya mlo mmoja huko. Amueni pamoja kama utatuma chochote, na ikiwa utatuma, kiwe kiasi kilekile kidogo cha kila mwezi, kupitia mtu mmoja. Kijana anayeahidi kila anayempigia hujikuta akidanganya kwa wiki nzima na kuomba toba Jumapili, na udanganyifu huo humla kuliko baridi.

Picha nazo ni sehemu ya ukweli. Ukiweka mnara wa kanisa na theluji peke yake kila siku, usilalamike kwamba hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Weka saa mbili za simu kwa wiki, ukikumbuka kwamba Tanzania iko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, na nyakati nyingine iache simu chumbani. Picha za unaowahudumia usizipige kabisa. Sheria inakataza, na hata isingekataza, mtu asiyeweza kusema hapana hajasema ndiyo.

Hatua ya saba: unapoitwa uizungumzie Afrika

Utaalikwa shuleni na kwenye vikundi vya kina mama, na wengine watauliza maswali yatakayokuchoma. Jibu kuhusu kijiji chako, si kuhusu bara. Kataa kwa adabu kuvalishwa hadithi ya umaskini ili michango iongezeke. Na utakapobaguliwa wazi, ndani ya treni au kazini, usilibebe kama msalaba wa siri: andika tarehe na maneno yaliyosemwa, mweleze mratibu, na umpelekee Mungu hasira yako jinsi ilivyo, kama zaburi za maombolezo zinavyofanya bila kuomba radhi. Msamaha utakuja kwa wakati wake. Ukilazimishwa mapema huwa ni woga uliovaa kanzu.

Hatua ya nane: zitumie semina

Mwaka mzima wa ile huduma ya kitaifa ya kujitolea una siku ishirini na tano za semina zilizowekwa kisheria. Vijana wengi huzichukulia kama likizo. Nenda na daftari lako, lisome lote tangu mwanzo usiku wa kuamkia semina, na ufike na swali moja linalokusumbua kweli. Utakuta kijana kutoka Kongo, Indonesia au Ufilipino analo lilelile.

Hatua ya tisa: kurudi

Anza kurudi miezi miwili kabla ya tiketi. Waage watu mmoja mmoja, na uombe radhi kwa wale uliowakosea, hasa wale ambao hawakujua kwamba uliwahukumu. Waulize wenzako wa kazi wakuambie jambo moja walilojifunza kwako na jambo moja lililowachosha. La pili ndilo la kuandika.

Nyumbani, tegemea kuchanganyikiwa kwa muda. Utakerwa na watu kuchelewa, utashangaa kelele, utajikuta unasema "kule Ujerumani" mara kumi kwa siku, na mama yako atacheka kwa mara mbili za mwanzo tu. Usifanye uamuzi mkubwa wa ndoa, kazi au wito wa uchungaji katika miezi mitatu ya kwanza. Mtembelee mlezi wako, mkae na barua zote na ile karatasi ya sababu, na mwone pamoja ni zipi zilikufa, zipi zilibaki, na zipi zimezaliwa ambazo hukuziandika. Ikiwa umejifunza kuwahudumia wenye ulemavu, watafute walio ndani ya usharika wako. Wapo, na baadhi yao hawajaletwa ibadani kwa miaka.

Jumapili ya kukaribishwa utapewa nafasi ya kusema. Chukua dakika kumi, shukuru, waeleze kuhusu mtu mmoja uliyemhudumia na jinsi alivyokufundisha, kisha uketi. Baada ya ibada mtafute katibu wa vijana aliyeishika nafasi yako, na umwombe akuingize kwenye zamu ya kufagia kanisa Jumamosi inayofuata.